Mlango wa Kazi Si Duka

Katika miji yetu ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kijana anayetafuta kazi huulizwa maswali mawili kabla mtu yeyote hajamwuliza amesoma nini au mikono yake inajua nini. La kwanza: "Una mtu?" Akijibu hapana, la pili hufuata: "Basi, una kitu?" Mtu ni ndugu, mkwe au mwenyeji wa kijiji kimoja aliyekwisha kuingia ndani ya kampuni. Kitu ni pesa. Asiye na mtu wala kitu huambiwa arudi nyumbani, asali, avumilie, Mungu atafungua mlango.

Sisi walei tunaoandika katika ukurasa huu hatulikubali jibu hilo. Sala tunaijua na tunaipenda. Tunachokataa ni kumsingizia Mungu mlango uliofungwa na watu tunaowajua kwa majina, ambao ufunguo wake unauzwa mchana kweupe, tena mara nyingine na mtu anayekaa nasi benchi moja siku ya Jumapili.

Tueleze kwanza biashara hii inavyokwenda, maana wengi wanaijua nusu tu. Siku hizi kampuni kubwa ya mgodi huajiri yenyewe sehemu tu ya watu wanaofanya kazi ndani ya uzio wake. Udereva, ulinzi, upishi, usafi, upakiaji wa mizigo, hata uchomeleaji wa vyuma, hupewa makampuni madogo yanayofanya kazi hizo kwa niaba yake. Sheria nambari 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 ilitaka kazi za namna hiyo zishikwe na makampuni ambayo mtaji wake kwa sehemu kubwa ni wa Wakongo, ili utajiri wa ardhi yetu usiturukie juu ya vichwa. Nia yake tunaiunga mkono. Lakini kati ya kijana na mlango wa mgodi sasa imesimama mikono mingi: mkono wa mwenye kampuni ndogo, wa karani anayeandika majina, wa kapita aliye kazini, na wa komisionere wa mtaani anayedai kwamba yeye na kapita ni damu moja. Kila mkono unataka kujazwa. Mara nyingi kinachodaiwa ni mshahara wa mwezi mzima, mara nyingine zaidi. Asiyeweza kulipa mbele hukubaliwa alipe nyuma, yaani sehemu ya mshahara wake itarudi kila mwezi ndani ya bahasha mpaka deni liishe, nalo deni lina tabia ya kutokwisha. Wanaopokea hawaiti jambo hilo rushwa. Wanaliita shukrani.

Kwenye simu hali ni mbaya zaidi. Vikundi vya WhatsApp husambaza tangazo lenye alama ya kampuni inayojulikana, lenye nafasi nyingi kuliko akili inavyokubali, na chini yake kuna nambari ya kutumia pesa kwa M-Pesa au Airtel Money, eti ni gharama ya kufungua dosye. Dosye haifunguliwi kamwe. Makampuni yenyewe hutangaza tena na tena kwamba hayamdai anayeomba kazi hata franka moja, lakini tangazo la uongo lina miguu mirefu kuliko lile la kulikanusha.

Wanaotetea biashara hii wana methali yao: mkono mtupu haulambwi. Wanasema kwamba pesa hutolewa pia kwa daktari, kwa mwalimu, kwa karani wa komine. Kwa nini isitolewe kwa yule anayempa mtu mkate wa kila siku? Wanasema tena kwamba usipolipa wewe, jirani yako atalipa, na mtoto wako atabaki barazani akitazama mtoto wa jirani akipanda basi la wafanyakazi. Hoja hii ya pili ni nzito, na hatutaki kuipita kama hatukuisikia. Baba anayeuza mabati aliyoyaweka kwa ajili ya chumba cha watoto, ili kijana wake aingie kazini, si mtu mbaya. Hatumtupii jiwe.

Tunamwomba tu afanye hesabu pamoja nasi. Huyu anayeuza mlango, faida yake inatoka wapi? Haitoki katika kazi kudumu. Inatoka katika mlango kufunguliwa tena kesho kwa mtu mwingine. Muuza mlango ambaye wateja wake wote wamepata kazi ya kudumu amefilisika. Kwa hiyo ana sababu zote za kutaka kijana wako atoke mapema.

Na njia ya kumtoa anayo. Sheria ya Kazi, nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kwamba kibarua wa siku kwa siku aliyekwisha kufanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na ukomo. Kifungu hiki kiliwekwa ili kumkinga kibarua. Sasa tazameni kinachotokea. Siku ya ishirini, au ya ishirini na moja, kibarua anaambiwa apumzike kidogo. "Tutakuita." Jina jipya linaingia katika orodha, na jina hilo nalo limelipa. Baada ya wiki kadhaa wa kwanza anarudi kuomba, na anaambiwa kwamba njia ileile bado ipo, kwa bei ileile. Baba aliyeuza mabati alidhani amenunua kazi, kumbe amenunua siku ishirini. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya mtoto wake imegeuzwa kuwa kalenda ya biashara ya mtu mwingine, na inageuzwa hivyo kwa sababu moja tu: kapita anaijua, na kibarua haijui.

Kuna hasara nyingine isiyoandikwa mahali popote. Aliyenunua nafasi yake hana kinywa. Akipewa viatu vilivyotoboka atavivaa. Akikosa barakoa ya kuzuia vumbi atafunga kitambaa. Saa zikizidi, atanyamaza, maana yule ambaye angemlalamikia ndiye anayemdai. Hata mwajiri hapati kitu: anadhani amepata dereva wa lori kubwa, kumbe amepata mtu aliyekuwa na pesa ya kununua usukani. Katika migodi kosa la namna hiyo hulipwa kwa miili ya watu.

Wengine watasema ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Sivyo, na inafaa vijana waijue historia ya ardhi wanayotembea juu yake. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1910 ikaundwa Bourse du Travail du Katanga kwa kazi moja, kuyatafutia makampuni watu. Waandikishaji wake walikwenda vijijini, mara nyingi wakipitia kwa machifu, na nguvu haikuwa mbali. Wengine waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na baadaye kutoka Ruanda-Urundi. Hatuna sifa ya kuwapa waliofanya mambo hayo. Mababu zetu walihesabiwa kama vichwa vya mifugo. Lakini tuone jambo moja la ajabu: hata katika siku zile za giza, kampuni ndiyo iliyotoa pesa ili mfanyakazi apatikane. Imetupasa kufika katika siku za uhuru na za sheria nzuri ndipo tukamwona mwenye njaa akimlipa mwenye shibe ili aruhusiwe kufanya kazi.

Desturi ya "kuwa na mtu" nayo ina mwanzo wake. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilianza kuwaweka wafanyakazi wake kambini pamoja na wake zao na watoto, kwa mikataba mirefu. Mtoto alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akasoma katika shule ya kampuni, na wengi walifuata nyayo za baba zao mpaka kiwandani. Iliendelea hivyo baada ya mwaka 1967, kampuni ilipokuwa mali ya Serikali na baadaye kuitwa Gécamines. Baba alikuwa mlango. Hakuuza, alikuwa tu mlango, na kampuni iliyazalisha mazingira hayo kwa faida yake yenyewe. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, vurugu za miaka ile zikafuata, na shaba iliyokuwa ikizidi tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980 ikashuka mpaka chini ya sehemu moja ya kumi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa mpango ule ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na kila mtu wa Likasi au Kolwezi anajua hiari hiyo ilikuwa na uzito gani. Baba aliyekuwa mlango akarudi nyumbani. Mazoea yakabaki: watu waliendelea kuamini kwamba kazi hupatikana kwa kuwa na mtu, lakini yule mtu hakuwapo tena. Pahali pake palipobaki wazi ndipo alipoketi komisionere.

Wakristo tunao mfano wa Injili ya Mathayo, sura ya 20, juu ya wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Huhubiriwa sana kwa ajili ya ule mshahara sawa uliowakasirisha wa kwanza. Ni mara chache tunasikia neno juu ya jinsi watu wale walivyopata kazi. Mwenye shamba alitoka mwenyewe kwenda sokoni, mara tano kwa siku moja, mpaka saa ya kumi na moja. Hao wa mwisho hawakulaumiwa kuwa wavivu. Walisimama pale kwa sababu hakuna aliyewaajiri, na maelezo yao yalipokelewa bila kuulizwa walikuwa wana nani. Msimamizi yupo katika mfano huo, lakini kazi yake ni kulipa, si kulipwa. Naye Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba juu ya ukosefu wa kazi hawajibiki wale tu wanaotia sahihi mikataba. Kuna na wengine, watu na vyombo mbalimbali, ambao kwa maamuzi yao wanapanga nani atapata kazi na kwa masharti gani; aliwaita waajiri wasio wa moja kwa moja. Tukiwa na masikio tutasikia kwamba Mkristo mwenye kazi, anayejua nafasi iko wapi, yumo katika hesabu hiyo.

Sasa tuziangalie silaha ambazo kwa kawaida tunawapa vijana ili wakatafute kazi.

Tunawapa karatasi. Nakala ya diploma, cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema kutoka komine, cheti cha afya, picha nne. Kila karatasi ina gharama yake, ina foleni yake, na baadhi huisha nguvu baada ya miezi michache, ndipo kijana anazianza upya. Kuna wenye umri wa miaka thelathini ambao mahanduki yao yamejaa tabia njema iliyokwisha muda.

Tunawapa mafundisho ya kuandika barua ya kuomba kazi. Si mabaya, barua yenye makosa huharibu. Lakini tumeona mafundisho hayo yakirudiwa kila mwaka katika kumbi mbalimbali, pamoja na soda na vyeti vya kuhudhuria, na kijana akitoka pale anajua kuandika barua nzuri sana, ila hajui aipeleke wapi. Ni kama kumfundisha mtu kutupa wavu bila kumwonyesha ziwa.

Tunawapa barua ya paroko. Padre anashuhudia kwamba kijana huyu ni mkristo mwema, alitumikia altareni miaka sita, wazazi wake wanajulikana. Yote ni kweli. Mwenye kiwanda anasoma, anatabasamu kwa heshima, na bado hajui kama kijana anaweza kuchomelea bomba lisivuje. Tusiwabebeshe mapadre ushuhuda wa mambo ambayo hawakuyaona.

Na mwisho tunawapa Kifungu cha 15, kile ambacho hakimo katika katiba na ambacho kila Mkongo anakijua kwa moyo: jipangie mwenyewe. Siku hizi kimevaa suti, kinaitwa kujiajiri. Hatuna ugomvi na anayejiajiri kwa ufundi na mtaji. Lakini kumwambia "jiajiri" msichana anayeuza vocha chini ya mwavuli, au mwanaume anayebeba watu kwa pikipiki ya tajiri, ni kumshauri mtu aliyekwisha kulowa kwamba mvua ni nzuri. Wamejiajiri tayari. Wanatafuta kazi.

Ni kitu gani basi kinachofaa? Tunathubutu kusema kwamba kuna njia mbili ambazo zimesaidia watu kweli, na zote mbili ziko mikononi mwa watu wa kawaida.

Ya kwanza ni habari ya mapema. Katika makampuni, tangazo linapobandikwa kwenye valve, mara nyingi zimebaki siku tatu au nne, na orodha imekwisha kunong'onwa. Walio ndani walijua tangu wiki iliyotangulia. Wanajua kwamba mashine mpya zimefika, kwamba mkataba wa chakula umebadilisha mkono, kwamba teste ya madereva itafanyika Jumanne. Hiyo ndiyo mali ambayo komisionere anaiuza, na ameipata bure kutoka kwa watu wasemao ovyo. Mkristo aliye kazini hahitaji kumwingiza mtu kwa mlango wa nyuma. Tunamtaka jambo dogo zaidi: alichokisikia kazini kisichokuwa siri ya kampuni, akitangaze kwa wote siku ileile. Wapo wanaotujibu, "Nimtangazie mtoto wa watu, na mpwa wangu amekaa nyumbani?" Mpwa wako hakatazwi. Aende naye teste, apimwe pamoja na wengine. Kama anaweza, kundi la watu kumi halitamwangusha. Kama hawezi, ulikuwa unataka kumwingiza kwa nini?

Ya pili inahitaji maelezo marefu kidogo. Waajiri wanaochukua ndugu zao si wote wala rushwa. Wengi wanaogopa tu. Mwenye gereji anaogopa mtu atakayeondoka na funguo na vipuri. Mwenye mkahawa anaogopa mpishi asiyejulikana. Wanatafuta imani, na kwa kuwa hawana njia nyingine ya kuipata, wanaitafuta katika damu. Ukiwahubiria juu ya haki bila kuwapa njia hiyo nyingine, watakusikiliza na kuendelea. Basi ni nani anayeweza kumshuhudia kijana kwa ukweli? Ni yule aliyemwona akifanya kazi. Katuba na Kenya kuna mafundi wanaochomelea milango, wanaotengeneza majenereta, wanaojenga nyumba za watu, na kila mmoja ana vijana watatu, wanne, wanaojifunza kwake miezi mingi. Fundi huyo anajua kila kitu. Anajua nani huja kwa wakati, nani huficha kosa, nani alibaki usiku kumaliza kazi ya mteja. Neno lake lina thamani kuliko vyeti kumi, lakini linabaki chini ya mwembe wake, kwa sababu haandiki Kifaransa cha ofisi na hakuna aliyemwomba.

Tunachopendekeza ni kwamba neno hilo liandikwe. Mtu wa shirika anayejua kuandika aende kwa fundi, akae naye nusu saa, amwulize kijana alifanya kazi gani hasa, kwa muda gani, anaweza nini peke yake na nini bado. Mambo yaandikwe kama yalivyo, pamoja na mapungufu, kwa kuwa barua inayosifu kila kitu haiaminiwi na mtu. Fundi atie sahihi na nambari yake ya simu, ili mwajiri amwite. Vivyo hivyo kwa waliomaliza mafunzo katika INPP, ambayo tangu mwaka 1964 imepewa kazi ya kuwatayarisha watu kwa ufundi, au katika shule za Wasalesiani kama Cité des Jeunes na Salama: mwalimu wa karakana ndiye wa kuulizwa, kabla ya karani anayetoa vyeti.

Juu ya ofisi za Serikali tutasema machache. ONEM kwa sheria ina kazi ya kuwakutanisha wanaotafuta kazi na wanaotafuta wafanyakazi. Wengi hawana imani nayo na huiona kadi yake kama karatasi moja zaidi. Hata hivyo matangazo mengi ya kazi yanaitaka kadi hiyo, na ofisi isiyofuatwa na watu haipati sababu ya kuamka. Tuende, tujiandikishe, turudi kuuliza, na tukidaiwa ada yoyote tuombe risiti. Juu ya ofisi za binafsi zinazotafutia watu kazi, Mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba gharama zisiwe juu ya mfanyakazi. Atakayekudai pesa ili akuombee kazi ameanza kwa kukiuka kanuni hiyo. Usingoje kuona atamalizaje. Na kibarua aliyezungushwa kabla ya siku 22 aandike kila siku aliyofanya kazi katika kidaftari, pamoja na jina la kapita, kwa sababu mkaguzi wa kazi atamwuliza tarehe na hataridhika na kilio.

Tunajua yatakayosemwa juu yetu. Watasema walei wanaingilia mambo ya makampuni, kwamba kapita fulani ni mfadhili mkubwa wa parokia, na ujenzi wa mnara bado haujakamilika. Mnara uliojengwa kwa siku ishirini za mtoto wa mjane hatuuhitaji. Na kama kuna ndugu yetu anayepokea bahasha hizo, hatutamtaja hapa. Anajua alichopokea na kwa nani, na warudishiwao pesa zao hawatamwuliza kwa nini alichelewa.

Tuko tayari kuanza na kidogo. Parokia ambayo ina ubao wa matangazo, sehemu yake ya kushoto iachwe kwa kazi peke yake, na isichanganywe na ratiba ya kwaya wala tangazo la viti vya kukodi. Kila tangazo liandikwe tarehe lililoletwa, tarehe ya mwisho ya kuomba, na jina la mwanashirika aliyelileta, ambaye amekwisha kuhakikisha kwa kampuni yenyewe kwamba nafasi ipo. Tarehe ikipita, litolewe siku hiyohiyo. Linalodai pesa lisibandikwe, hata likiletwa na mwenyekiti wa baraza la parokia. Baada ya Misa ya kwanza ya Jumapili watu wawili wakae chini ya ubao kwa saa moja, mmoja anayeandika Kifaransa vizuri na mmoja aliyekwisha kufanya kazi mgodini, na nakala ya Sheria ya Kazi iwe mezani, imefunguliwa pahali panaposema habari za siku 22. Mafundi waje na vijana wao. Asiye na kalamu asibaki nyumbani, kalamu tutaleta.